Sela ya Mama Mashine

Kamati ya Ibada, ikiwa imekaa kikao halali chenye akidi na chai, ilitamka kama ifuatavyo: kwamba neno la Kiebrania "Sela", linaloonekana katika Zaburi mara sabini na moja na katika Habakuki mara tatu, ni neno ambalo maana yake haijulikani, kwamba neno ambalo maana yake haijulikani haliwezi kuwa na matumizi, na kwamba, kwa hiyo, kuanzia Jumapili ijayo neno hilo halitasomwa, halitatajwa, wala halitanyamaziwa.

Tamko lilipigwa chapa, likagongwa muhuri na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ubao huo uko juu kabisa ya ngazi za kanisa, kando ya mlango, na tamko lilipata nafasi kati ya zamu za kufagia na habari ya mwavuli uliookotwa, ambao mwenyewe hajajitokeza tangu mvua za mwaka juzi. Ngazi zenyewe ni ndefu. Aliyejenga kanisa alitaka lionekane kutoka mbali. Juu ya magoti ya watu hakuwaza.

Aliyelengwa hakutajwa, maana kamati ina adabu zake. Lakini hakuna aliyelisoma tamko lile akauliza ni nani. Katika waumini wote, ni mtu mmoja tu aliyekuwa na udugu na neno Sela, naye alikuwa Mama Mashine.

Aliitwa hivyo kwa sababu ya mashine ya kusaga, na kwa sababu ya sauti, na vitu hivyo viwili havikuwa mbali. Chumba cha mashine kilikuwa cha bati, chenye dirisha moja lililokwisha kuwa jeupe kwa tando za buibui zilizonenepa kwa unga. Mashine ikiwashwa, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Mumewe, fundi mitambo, ndiye aliyeitengeneza ilipoharibika, na alikuwa na kipaji cha kutoonekana siku hiyo.

Sasa, mashine ya kusaga ina tabia moja ambayo wasioishi nayo hawaijui: inakata maneno. Wanawake wamekaa kwenye benchi na madebe yao, mazungumzo yamenoga, mmoja yuko katikati ya habari ya maana: "Basi mume akarudi ghafla, akafungua mlango, akamkuta..." Hapo hapo swichi inabonyezwa, debe la mtu linamiminwa, dunia inajaa ngurumo. Mahali pengine watu wangeshindana kelele na ngurumo, au wangeiacha habari ife. Pale, hapana. Kila mtu hufunga mdomo na kusubiri, macho kwa msimuliaji, mpaka punje ya mwisho ishuke na mkanda utulie. Kisha msimuliaji huunganisha palepale, kwenye neno lilelile, kama aliyemeza mate tu: "...fundi bomba. Na kweli bomba lilikuwa limepasuka."

Mambo hayo yana sheria zake. Kuanzisha habari nyingine kabla ile iliyokatwa haijaunganishwa huitwa kuruka punje, na aliyeruka punje hutaniwa mpaka avuke barabara. Na ikitokea msimuliaji amepaliwa na vumbi la unga, basi Mama Mashine ndiye humuunganishia. Yeye ndiye mwenye kidole kwenye swichi. Neno la mwisho lilikuwa lipi, yeye anajua. "Ulikuwa umefika 'akamkuta'," humkumbusha mtu. "Haya, tumemkuta nani?"

Kusoma zaburi kanisani alipewa siku kipaza sauti kilipoharibika. Kipaza sauti kilitengenezwa. Yeye hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Yeye mwenyewe hakujikumbusha. Juma zima alipiga kelele ili aambiwe "Eh?", na siku moja tu alisimama mbele ya watu, akafungua kinywa, na watu wakanyamaza wamsikilize. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba jambo hilo lilimpendeza. Lakini Jumamosi jioni aliosha unga kwenye nyusi zake kwa uangalifu wa bibi harusi.

Alipokutana na Sela kwa mara ya kwanza alifanya anachofanya msomaji mwaminifu: alimfuata Mchungaji. Huyu alikuwa kijana, aliyesoma Kiebrania kidogo chuoni na kukaa miaka akingoja mtu amuulize.

"Mchungaji, hili ni jina la mtu?"

"Hapana, mama. Ni neno la Kiebrania."

"Maana yake?"

Mchungaji alivua miwani, jambo ambalo hulifanya akitaka kusema kweli. "Wapo wanaosema linatokana na neno la kuinua: inueni sauti, au inueni vinanda. Wapo wanaosema ni kituo: waimbaji wanyamaze, vyombo vipigwe. Waliofasiri kwa Kiyunani zamani zile waliweka neno la namna hiyo. Na wengine wa kale waliliandika 'milele'."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema hatujui."

"Aliyeliandika alijua?"

"Alijua sana. Nadhani alijua kila mtu anajua, ndiyo maana hakujisumbua kueleza."

Mama Mashine aliutazama ukurasa kwa muda. Kabla ya Sela palikuwa na habari ya maji kuvuma na milima kutetemeka. Baada ya Sela palikuwa na mto umetulia. "Sawa," akasema. "Hapa pamekatwa."

"Pamekatwa na nini?"

"Kwani mashine yao ilikuwa ya aina gani, mimi nitajuaje? Nimeona tu pamekatwa."

Mchungaji alirudisha miwani. Mwalimu wake wa chuo, alisema baadaye, alilieleza jambo hilohilo kwa kurasa nyingi zaidi.

Jumapili ile Mama Mashine alisoma mstari, waumini wakaitikia mstari, kama ilivyo desturi. Akafika kwenye milima inayotetemeka, akasema "Sela", akafunga mdomo. Wateja wake wa mashineni, ambao walikuwa nusu ya kanisa, wakafunga midomo pia, macho kwake. Nusu nyingine ikadhani amepatwa na kitu. Mzee mmoja wa kanisa alisimama na glasi ya maji. Kisha Mama Mashine akatikisa kichwa kidogo, na wateja wakaupokea mto kwa sauti moja, palepale ulipokatwa. Baada ya miezi michache hakuna aliyeleta maji tena. Kanisa zima lilikuwa limejifunza kusubiri, hata wale wanaonunua unga wa pakiti.

Urefu wa kimya hicho haukupimwa kwa saa. Ulipimwa kwa mabega. Kwenye benchi la mbele alikaa mama mkwe wake, ambaye alikuwa na pumu na ulimi. Na kadiri pumu ilivyomfupishia pumzi, ndivyo sentensi zake zilivyozidi kuwa fupi na kuuma zaidi. Akishapanda zile ngazi na kuitikia mistari miwili mitatu, mabega yake yalipanda na kushuka kama mvukuto. Mama Mashine alimtazama kwa pembe ya jicho. Mabega yakitulia, Sela imekwisha. Kulia na kushoto kwa mama mkwe walikaa wazee wengine wenye mapafu ya umri huohuo. Wao walijua tu kwamba siku hizi zaburi inasomeka vizuri.

Asiyeiona raha hiyo alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ibada, mkaguzi wa shule mstaafu, ambaye watu walimwita Mkaguzi kwa sababu yeye alikuwa amestaafu kazi lakini kazi haikustaafu kwake. Alikuja kanisani na saa ya mfukoni. Mahubiri aliyapima, nyimbo alizipima, na siku ya mazishi ya shemeji yake alionekana akiupima wasifu wa marehemu. Aligundua kwamba Sela za zaburi moja zilikuwa ndefu kuliko matangazo, na matangazo, aliiambia kamati, walau yana maana.

Mama Mashine aliitwa kwenye kikao kilekile kilichotoa tamko. Alikalishwa kwenye kiti cha peke yake.

"Mama," Mkaguzi alianza, "unaposema neno lile kisha ukanyamaza, unakuwa unafanya nini?"

"Nanyamaza, Mwenyekiti."

"Naelewa. Kwa madhumuni gani?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

Hapo Mama Mashine alisita. Mama mkwe hapendi kutajwa habari ya pumu yake. Siku aliposaidiwa kupanda ngazi alimwuliza aliyemsaidia kama anatafuta mchumba. "Nangoja paungane," akasema.

Mkaguzi alimgeukia Mchungaji. "Wewe ndiye msomi. Neno hili lina maana au halina?"

"Lina maana, ila haijulikani."

"Maana isiyojulikana na maana isiyokuwepo zina tofauti gani ukiwa na ratiba?"

Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu," mjumbe mmoja alijaribu kusaidia.

"Nimekaa pale Jumapili baada ya Jumapili kuusubiri huo mshindo," Mkaguzi alijibu. "Mama, hatukunyang'anyi usomaji. Endelea kusoma. Ukifika hapo, pita tu."

Mama Mashine alifikiri. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mimbari ingebaki yake, na ukimya wa watu wanaomsikiliza ungebaki wake. Ila aliona mabega.

"Mwenyekiti, mimi siwezi kuruka punje."

Wajumbe ambao hawajawahi kutumwa mashineni waliandika kwamba amekataa kwa sababu zisizoeleweka. Wengine wawili walitazama chini. Ikaamuliwa kwamba zaburi itasomwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa muda, mpaka apatikane msomaji mwenye kasi.

Nyumbani, mama mkwe alizipokea habari akiwa jikoni, ameketi kwenye kigoda chake, anachambua mchele.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa, mama."

"Kwa kunyamaza?"

"Kwa kunyamaza."

"Mwanamke katolewa kwa kunyamaza." Mama mkwe aliokota kijiwe, akakitazama, akakitupa. "Nimeishi. Kumbe nilikuwa sijaona."

"Jumapili mimi siendi," Mama Mashine alisema. "Kichwa kinauma."

"Leo Alhamisi. Kichwa chako kinajua kalenda."

Mumewe, aliyekuwa mlangoni na grisi mikononi, alisema kwamba ukweli ni kwamba kila mtambo unahitaji kupumzishwa, ukiulazimisha unaungua, na kamati wangemwuliza yeye angewaambia. Mkewe alimwambia mashine ina siku mbili inatoa moshi. Alipogeuka, mlango ulikuwa mtupu.

"Tutakwenda," alisema mama mkwe. Akavuta pumzi. "Wote." Akavuta nyingine. "Nataka kumwona huyo mwenye haraka ya kufika mbinguni. Mimi niliye karibu sina."

Jumapili ilipofika walipanda ngazi. Juu, mama mkwe alisimama mbele ya ubao na kulisoma tamko lote, kwa kuwa alihitaji kusimama mahali. "Halitanyamaziwa," alisoma kwa sauti, akanyamaza hapo kwa muda mrefu sana. Kisha wakaingia.

Mkaguzi alipanda mimbarini. Alisoma vizuri; haki ya mtu ni haki yake. Matamshi yalinyooka, vituo vilikaa, na saa ililala wazi kando ya kitabu. Mstari wa kwanza alisoma yeye, wa pili wakaitikia. Akasoma wa tatu, maji yakavuma, milima ikatetemeka, akalipita lile neno kama mtu anavyompita anayemdai, na akainua uso ili waumini waitikie.

Waumini hawakuitikia. Hawakugoma, walikuwa wanasubiri. Mtu aliyezoezwa kuinama penye mlango mfupi huinama hata mlango ukiondolewa. Mkaguzi aliwatazama, akaitazama saa, akaona kwamba kama hawausomi atausoma yeye, akausoma mstari wa nne peke yake na kuingia wa tano. Akiwa katikati ya wa tano, waumini walimaliza kusubiri, wakauanza wa nne. Akanyamaza awapishe, nao waliposikia amenyamaza wakadhani ndiyo Sela yenyewe, wakanyamaza. Akaanza tena. Wakaanza tena. Wanakwaya, ambao wamefundishwa kufuata anayeongoza, waligawanyika, sauti ya kwanza huku na sauti ya pili kule. Ilikuwa kama gunia limepasuka chini: unaziba hapa, mahindi yanatokea pale.

Katikati ya hayo benchi la mbele lilijitahidi kukimbia. Mama mkwe, ambaye hakubali kuachwa, alisema kwa nguvu "Kuna mto..." na pumzi ikamwishia. Akakohoa. Akakohoa tena. Kanisa lote likanyamaza, na Mkaguzi naye, kidole kwenye ukurasa, mdomo wazi.

"Tuendelee," alisema mwishowe. "Tulikuwa tumefika... tulikuwa..."

Hakuna aliyejua walikuwa wamefika wapi. Wengine walitazama vitabu, wengine walitazamana. Mchungaji alivua miwani.

Mama Mashine alikuwa ameapa kutofungua mdomo siku hiyo, na kiapo alikiweka mbele za Mungu. Lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kimekwisha kuinuka chenyewe, kwa mazoea, kama kilivyo mbele ya swichi. Alikuwa anayatazama mabega. Yakapanda, yakashuka. Yakapanda kidogo zaidi, yakashuka. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyegeuza ukurasa; wale wa mashineni walikuwa wamekwisha kumgeukia. Mkaguzi aliichukua saa yake mkononi na kuitazama, kisha akaangalia walikokuwa wanaangalia watu wote.

Mabega yakatulia.

"...vijito vyake," alisema Mama Mashine kutoka kwenye benchi, bila kusimama, kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara mashine ikiwa imewashwa. Na kanisa zima likaupokea mto palepale ulipokatwa, mama mkwe akiwa ndani yake, taratibu, bila kuachwa hata neno moja. Ulipoisha, watu walitazama mimbarini. Mkaguzi akasoma wa tano. Alifika wa saba, akafika mahali pale, akafungua mdomo aendelee, akaona nyuso. Akaufunga.

Zaburi ile ina tabia ya ajabu: Sela yake ya tatu iko mwisho kabisa. Maneno yamekwisha, hakuna cha kuunganisha, na bado msomaji ameambiwa angoje. Mama Mashine alikuwa akiipenda hiyo kuliko nyingine na hakujua kwa nini. Siku hiyo waliingoja wote, na Mkaguzi mimbarini pamoja nao. Saa yake ilisikika ikitembea. Akaifunika kwa kiganja.

Baada ya ibada, mume wa Mama Mashine alimshika mama yake mkono kuteremka ngazi.

"Mama, kile kikohozi kilikuwa cha kweli?"

"Kilianza kikiwa cha kweli," alisema mama mkwe.

Jumatatu Mkaguzi alionekana mashineni na debe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na ambalo mkewe alilisikia kwa watu. Aliketi kwenye benchi katikati ya wanawake, magoti pamoja. Zamu yake ilipofika alisema, akilitazama dirisha jeupe, kwamba amekuwa na mafua, kwamba sauti yake si ile ya zamani, na kwamba kwa Jumapili zijazo ingefaa zaidi kama mama angeweza...

Mama Mashine akabonyeza swichi. Benchi zima likafunga midomo na kumtazama Mkaguzi. Alitaka kuendelea kusema ndani ya ngurumo, akashikwa mkono na mwanamke wa jirani, akaonyeshwa kwa kidole: subiri. Akasubiri. Unga ukashuka, mkanda ukatulia.

"Ulikuwa umefika 'angeweza'," Mama Mashine alimkumbusha.

"...kusoma," alisema Mkaguzi.

"Na lile neno, je?"

"Hilo," alisema, "limekwisha kutolewa tamko. Tamko la kamati haliwezi kutenguliwa ila na kamati, na kamati hukaa mara moja kwa mwaka." Alifuta unga kwenye mkono wa koti. "Mimi nimekuja kuzungumzia usomaji tu."

Kwa hiyo anasoma, na tamko halijatenguliwa. Bado liko kwenye ubao, juu kabisa ya ngazi, muhuri umefifia kidogo kwa jua. Mkaguzi hulipita kila Jumapili akielekea kwenye kiti chake. Umri nao unakwenda. Siku hizi akifika pale husimama, mkono ukutani, uso ameuelekeza kwenye karatasi, na waumini walio nyuma yake husimama kimya kwenye ngazi mpaka mabega yake yatulie.